Kabla ya kupandisha mzinga juu ya paa, tuhesabu maua

Jean Paucton alikuwa mtunza vifaa vya jukwaani katika jumba la opera la Garnier, Paris, na katika miaka ya 1980 aliagiza mzinga wa nyuki aliokusudia kuupeleka shambani kwake nje ya jiji. Mzinga ukafika kazini kwake ukiwa umezibwa, safari ya shamba ikachelewa, na kila anayefuga nyuki anajua kwamba kundi lililofungiwa haliwezi kungoja siku nyingi. Zimamoto mmoja wa jumba hilohilo, ambaye alikuwa akifuga samaki katika hodhi la maji lililo chini ya jengo, akamshauri aupandishe juu ya paa na kuufungulia huko. Paucton alifuata ushauri, na aliporudi kuutazama alikuta masega yamejaa asali kupita matarajio yake.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi, na kwa sehemu kubwa ndicho kilichowafanya watu wengi waamini kwamba paa la jiji ni makao mema ya nyuki. Ni kweli kwamba Paris ilikuwa na mengi ya kumpa nyuki. Jiji lina bustani kongwe na barabara zilizopandwa miti inayochanua kwa wingi, na bustani ya Luxembourg imekuwa na shule ya ufugaji nyuki tangu 1856. Baadaye Ufaransa ilipiga marufuku matumizi ya viuatilifu vingi katika bustani na maeneo ya umma kuanzia Januari 1, 2017, hatua ambayo naihesabu kuwa na faida kubwa kwa wadudu kuliko mizinga yote iliyopandishwa juu ya majengo. Hata hivyo, wanaosimulia kisa cha opera husahau jambo moja, nalo ni kwamba nyuki wa Paucton walishuka mjini wakakuta meza imeandaliwa na walaji ni wachache. Asali ile nyingi ilitokana na wingi wa maua kwa kila mzinga, na uwiano huo hubadilika kila mzinga mpya unapoongezwa.

Mizinga iliongezwa, tena kwa kasi. Mwishoni mwa mwaka 2006 wafugaji wa Marekani walianza kufungua mizinga yao na kumkuta malkia, majana (yaani watoto wa nyuki) na asali, lakini nyuki vibarua wametoweka. Habari hizo zikaenea duniani na kuzaa hofu ya kweli kwamba nyuki wanakwisha. Mwaka 2010 jiji la New York liliondoa marufuku yake dhidi ya ufugaji wa nyuki. Hoteli, benki na ofisi za miji mikubwa ya Ulaya na Amerika Kaskazini zikaanza kuweka mizinga juu ya mapaa yao, na ikazuka biashara nzima ya kampuni zinazolipwa ada ili zilete mzinga, ziuhudumie, na mwisho wa msimu zikabidhi chupa ndogo za asali zenye nembo ya mteja. Ifikapo Mei 20, ambayo Umoja wa Mataifa umeifanya Siku ya Nyuki Duniani, tunaona picha za wakurugenzi waliovaa mavazi meupe ya kinga wakiwa wameshika sega. Siwatilii shaka kwamba wengi wao wana nia njema. Ninachosema ni kwamba nia hiyo imeelekezwa kwa mdudu asiyehitaji msaada wa aina hiyo, mahali ambapo msaada huo unaweza kuwa mzigo kwa wadudu wengine.

London inatupa hesabu iliyo wazi kuliko miji mingi. Kati ya 2008 na 2013 mizinga iliyosajiliwa katika jiji hilo na viunga vyake iliongezeka kutoka 1,677 hadi 3,337, yaani karibu mara mbili, na hakuna aliyeweza kusema kwamba maua ya London nayo yalikuwa yameongezeka mara mbili. Francis Ratnieks na Karin Alton, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Sussex, walikaa chini wakapiga hesabu ambayo mimi naona kila mwenye paa angeisoma kwanza. Walikadiria kwamba ili kulisha mzinga mmoja wa ziada, London ingepaswa kupanda takriban hekta 1 ya boraji, mmea wa maua ya buluu unaopendwa mno na nyuki, au hekta 8.3 za lavenda. Hekta 1 ni zaidi kidogo ya uwanja mmoja wa mpira wa miguu, na hekta 8.3 ni viwanja kama 11 hivi.

Sasa tuchukue paa la kawaida la jengo la ofisi lenye ukubwa wa mita za mraba 500. Hata likifunikwa lote kwa boraji, kuanzia ukingo hadi ukingo, pasibaki hata pa kusimamisha kiyoyozi, litakuwa limetoa sehemu moja ya ishirini ya chakula cha mzinga mmoja. Kwa kawaida mwenye jengo huweka mizinga miwili au mitatu na hapandi chochote. Chakula chote kilichobaki kitatafutwa kwa jirani: katika bustani za watu, kwenye miti ya barabarani, na katika magugu ya kando ya reli, ambako tayari kulikuwa na walaji wengine kabla ya mizinga kufika.

Msomaji aliyewahi kusimama mbele ya mlango wa mzinga saa tatu asubuhi anajua nazungumzia nini. Nyuki vibarua hurudi mmoja baada ya mwingine, wakitua kwa uzito, na miguu yao ya nyuma imebeba vidonge vya chavua: vingine vya manjano, vingine rangi ya chungwa, vingine vya kijivu kama majivu, kulingana na ua walilotoka. Kila kidonge kimekusanywa kwa kutembelea maua mengi. Kundi moja lenye nguvu linaweza kuwa na nyuki 50,000, linahitaji takriban kilo 20 za chavua kwa mwaka ili kulea majana wake, na nyuki wake huweza kwenda kilometa 3 au zaidi kutafuta chakula. Akipata mti uliochanua, kibarua hurudi na kucheza ngoma ya kuwaelekeza wenzake upande na umbali, na baada ya muda mfupi mti ule umejaa jamaa zake. Ni uwezo wa kustaajabisha, na ndio unaomfanya awe mshindani asiye rahisi kwa nyuki mdogo anayeishi peke yake kwenye tundu la ukutani, asiye na wa kumwelekeza, na asiyeweza kuruka mbali zaidi ya mita mia chache.

Hapa ndipo lugha ya ufugaji inapotusaidia kuliko lugha ya uhifadhi. Nyuki wa asali anayefugwa ni mfugo. Kila mfugaji wa ng'ombe wa Shinyanga au Kajiado anafahamu kwamba eneo lina uwezo wake wa malisho, kwamba ukizidisha mifugo nyasi huisha, mifugo hukonda, na wanyamapori waliokuwa wakila hapo ndio huondoka kwanza. Hakuna afisa mifugo atakayeingia katika kijiji chenye malisho haba akagawa ng'ombe kwa madai ya kuokoa wanyama wanaokula nyasi. Juu ya mapaa ya miji mikubwa tumefanya jambo lililo karibu sana na hilo, kwa sababu malisho ya nyuki hayaonekani kwa macho kama nyasi zilizoisha, na nyuki anayekosa chakula hafi mbele yetu.

Idadi ya mizinga inayofugwa duniani imepanda, na si kushuka, tangu miaka ya 1960. Wafugaji hupoteza makundi kila mwaka kwa sababu ya varoa, utitiri mdogo unaowafyonza nyuki, na kwa magonjwa na viuatilifu, na maumivu yao ni ya kweli, lakini hupasua makundi, huzalisha malkia na kujaza mizinga upya kama mfugaji yeyote anavyofanya baada ya hasara. Wanaopungua bila mtu wa kuwajaza upya ni wale wa mwituni. Duniani kuna aina zaidi ya 20,000 za nyuki, wengi wao wasiotengeneza asali ya kurinwa, wasio na malkia, wasio na kundi, na wasio na mtu anayelipwa ada ya kuwahudumia.

Aprili 15, 2019, paa la kanisa kuu la Notre-Dame lilipoteketea, dunia iliuliza habari za nyuki wa mizinga mitatu iliyokuwa juu ya paa la chini la sehemu ya kuhifadhia vyombo vya ibada. Walinusurika, kwa kuwa mizinga yao ilikuwa chini kabisa ya pale moto ulipowakia, na moshi uliwatuliza bila kuwaua. Nilifurahi kama wengine. Lakini nimewahi kujiuliza ni nani aliyeuliza habari za nyuki wadogo waliokuwa wametaga katika nyufa za mawe ya kanisa lile, na jibu ni kwamba hakuna aliyejua kuwa huenda wapo.

Utafiti wa miji kadhaa unaonyesha mwelekeo mmoja. Paris, mwaka 2019, watafiti walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba pale mizinga ilipokuwa mingi, nyuki wa mwituni walitembelea maua mara chache zaidi. Katika miji 14 ya Uswisi, mizinga iliongezeka kutoka 3,139 mwaka 2012 hadi 9,370 mwaka 2018, na waliofanya hesabu hiyo walihitimisha kwamba maeneo ya kijani ya miji hiyo hayatoshi kuilisha. Montreal, nchini Kanada, ambako nako mizinga ilikuwa imeongezeka kwa kasi, utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulikuta kwamba mitaa yenye ongezeko kubwa la mizinga ilikuwa na aina chache za nyuki wa mwituni, na walioathirika zaidi walikuwa wale wadogo wasioweza kusafiri mbali. Kuna pia suala la magonjwa: nyuki wa asali na nyuki wa mwituni hukutana kwenye ua moja, na utafiti wa Uingereza wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba virusi vinavyoharibu mbawa za nyuki wa asali vimeenea pia kwa nyuki wakubwa wenye manyoya wa nchi hiyo.

Nimekaa sana Ulaya kwa sababu wazo la mizinga ya mapaani limetoka huko, na kwa kuwa sasa linapendekezwa pia katika miji yetu kama jambo la kisasa la kuigwa. Dar es Salaam ina majengo marefu yanayoongezeka kila mwaka, Nairobi vilevile, na ni rahisi kwa mshauri wa masuala ya mazingira kuleta picha ya Paris mezani na kuuliza kwa nini sisi tusifanye hivyo. Sababu ziko nyingi, na ya kwanza ni nyuki mwenyewe.

Nyuki wa Ulaya amechaguliwa na wafugaji kwa vizazi vingi kwa upole wake. Nyuki wetu amelelewa na historia nyingine: nyegere anayebomoa mzinga kwa kucha, moto wa nyika, siafu, na mwanadamu anayepanda mti usiku na kijinga cha moto kurina asali. Amebaki hai kwa kuwa mkali na kwa kuwa tayari kuhama. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazili, Warwick Kerr, alipeleka kwao malkia kutoka Afrika Kusini na Tanganyika ili apate nyuki wanaostahimili joto. Mwaka uliofuata makundi 26 yakatoroka, na kizazi chao kikasambaa Amerika ya Kusini na ya Kati hadi kufika Texas mwaka 1990. Wamarekani waliwapa jina la kutisha, “nyuki wauaji”. Sisi tunawaita nyuki, kwa sababu ndio tulio nao.

Nyuki wa ulinzi akichoma, huachia harufu ya tahadhari inayowaita wenzake, na harufu hiyo ni kama ya ndizi mbivu. Ndiyo maana mrinaji makini hali ndizi kabla ya kwenda kwenye mizinga. Kwa nyuki wetu, harufu hiyo huweza kutoa mamia ya walinzi kwa muda mfupi, nao humfuata mtu umbali mrefu. Katika manzuki, yaani mahali pa kufugia nyuki, iliyo porini, aliyekosea hukimbia kwenye vichaka akapona. Juu ya ghorofa ya kumi hakuna pa kukimbilia isipokuwa ngazi moja nyembamba au ukingo wa jengo. Tena paa la jengo la Dar es Salaam ni mahali pa kazi. Yupo fundi wa kiyoyozi, fundi wa dishi, mpaka rangi aliyening'inia kwa kamba, na kijana anayepanda kuangalia kwa nini tangi la maji halijai. Wengi wao ni vibarua wa siku ambao hakuna atakayewaeleza kwamba kuna mzinga nyuma ya tangi, wala hawana bima ya kuwatibu.

Sababu ya pili ni joto. Nyuki hulea majana wao katika joto la karibu nyuzi 35, na hewa ikizidi hapo hulazimika kubeba maji, kuyapaka kwenye masega na kupepea kwa mbawa ili kupooza nyumba. Paa la zege au la bati la mwezi wa pili katika pwani yetu huwaka kiasi kwamba huwezi kulikanyaga bila viatu. Kundi litatuma vibarua wake kwenye bomba linalovuja la mama lishe, kwenye ndoo za kufulia, kwenye bwawa la hoteli, na huko kote litapokewa kwa dawa ya mbu. Ikizidi, litahama, kama nyuki wetu wanavyohama wakikosa raha, na kutafuta dari ya shule au nguzo ya umeme.

Niliwahi kuliona kundi la namna hiyo katika jengo la ghorofa nne nilimokuwa nimepanga. Lilitua jioni chini ya ukingo wa baraza la ghorofa ya tatu, fungu la ukubwa wa ndoo ya lita kumi, tulivu kabisa, nyuki wakiwa wameshikana miguu kama mnyororo. Kundi lililo safarini hivyo halina majana wala asali ya kulinda, na mara nyingi huondoka lenyewe baada ya siku moja au mbili. Usiku mtu alipuliza dawa. Asubuhi mfagizi aliwakusanya kwa beleshi akijaza ndoo mbili za taka, na nilipoinama nikaona baadhi yao bado wana chavua ya manjano miguuni, ishara kwamba walikuwa wametoka kazini jioni ileile. Hapakuwa na mtu wa kulaumiwa peke yake, kwa kuwa hakuna aliyejua nani wa kumpigia simu. Jiji lenye watu mamilioni, lililo katika nchi inayohesabiwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa asali Afrika, lilikuwa na nyuki ukutani na halikuwa na namba ya kupiga.

Kwa hiyo nikiulizwa mjini tuwafanyie nini nyuki, naanza na namba hiyo. Kila halmashauri ya jiji ingeweza kuwa na watu wawili watatu waliofunzwa kuhamisha makundi, wenye mavazi ya kinga, bomba la moshi na sanduku la kubebea, na makubaliano na manzuki iliyo nje ya mji ya kuyapokea. Haigharimu hata sehemu ndogo ya fedha zinazotumika kwa sherehe za siku moja za mazingira.

Linalofuata ni maua, na hapa paa lina nafasi yake. Paa lililopandwa mimea inayochanua kwa kupokezana mwaka mzima, lenye kivuli na chombo cha maji chenye mawe ya kutua, humsaidia kila mdudu anayepita, na halimchomi fundi wa dishi. Chini yake, miti ya barabarani ina thamani kubwa zaidi, kwa sababu mwembe mmoja mkubwa ukichanua hubeba maua mengi kuliko bustani nzima ya vyungu. Anayetaka kabisa kufuga mjini anaweza kuanza na nyuki wadogo wasiouma, ambao watu wetu wamewafuga katika magogo kwa muda mrefu, na ambao asali yao huuzwa ghali kwa sababu ni chache. Nao wanakula, na wakizidishwa watakosa. Lakini ni wenyeji wa hapa, na mtoto anaweza kusimama mbele ya mlango wao wa nta bila kuumia.

Kampuni yenye fedha za mzinga wa mapaani naishauri izipeleke Tabora, Katavi au Singida, kwenye misitu ya miombo, ambako mizinga mingi bado inatengenezwa kwa magome na magogo, na ambako mzinga wa mbao uliotengenezwa vizuri humpa mrinaji sababu ya kuulinda msitu dhidi ya mkaa. Huko malisho yapo. Mteja atapata asali yake kwenye chupa yenye nembo, na maelezo ya mahali ilikotoka yatakuwa ya kweli.

Mwarobaini ulio mbele ya ofisi moja ninayoipita kila siku ulichanua mwaka huu vizuri kuliko miaka yote, maua madogo meupe yaliyonukia hadi kituo cha daladala, na saa nne asubuhi ulikuwa ukivuma kwa nyuki wa aina mbili au tatu, wakiwemo wale weusi wakubwa wanaotoboa mbao. Wiki iliyofuata matawi yake yote yalikatwa ili bango la tangazo lionekane kutoka barabarani.